Maneno Yasiyo na Mdhamini

Diploma ni ushahidi. Watu fulani wametia saini kwamba walimchunguza mtu wakamwona anajua, nasi ambao hatukuwepo tunalipokea neno lao. Mgonjwa anamnyooshea muuguzi mkono achomwe sindano. Mwenye kiwanja anamkabidhi mhandisi pesa alizochanga miaka kumi. Ndiyo maana siwezi kuiona habari ya akili bandia vyuoni kama kesi ya wizi wa mitihani tu. Kilichotikiswa ni ushahidi wenyewe.

Pita Jabe, mjini Bujumbura, hapo jirani na Bwiza na Buyenzi, majira ya memwari, yaani tasnifu za kumaliza chuo, uingie kwenye kibanda chochote cha kuchapa na kutoa fotokopi. Mwanafunzi anafika na simu, anatuma kurasa zake kwa WhatsApp. Kijana wa kompyuta anazifungua, anapanga pambizo, anatia namba za kurasa, kisha anageuka: “Kaka, huku mwanzo umesema watu uliowahoji ni themanini, huku mbele ni mia na ishirini. Niache ipi?” Mwenye memwari anachungulia kioo, anafikiri kidogo. “Weka mia na ishirini.”

Hilo lilikuwa swali la mtihani, na huenda likawa gumu kuliko yote atakayoulizwa. Bahati mbaya aliyeuliza analipwa kwa ukurasa.

Mashine ya akili bandia haikuanzisha udanganyifu huu. ChatGPT ilitolewa Novemba 2022, ilhali memwari za kunakiliwa kutoka memwari za zamani, na za kuandikiwa na mtu kwa malipo, zilikuwepo tangu kabla. Jijini Nairobi ilikuwa biashara kubwa: vijana wenye digrii zao, waliokosa kazi, wakiandika insha na tasnifu za wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Patricia Kingori, profesa wa Oxford mwenye asili ya Kenya, aliwafuatilia, na mwaka 2024 ikatoka filamu juu yao, The Shadow Scholars. Wapo basi waliovaa joho Ulaya kwa elimu ya mtu aliyekaa chumba cha kupanga Nairobi. Sasa mashine inawanyang'anya vijana wale hata mkate huo, na sijaona chuo kilichowalilia. Tofauti ni kwamba udanganyifu uliokuwa wa mwenye pesa umekuwa wa kila mwenye mega kwenye simu.

Waliosoma madrasa Buyenzi huenda wamekisikia kisa cha Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Inasimuliwa kwamba akirudi Tus kutoka masomoni, majambazi waliuvamia msafara wakachukua na mfuko wa maandishi aliyoyakusanya kwa mwalimu wake. Akamfuata mkuu wao kumsihi amrudishie, kwani humo ndimo ilimo elimu yake. Jambazi akacheka: elimu gani hiyo ambayo mtu akichukuliwa karatasi habaki nayo? Akarudishiwa, naye akakaa miaka mitatu akihifadhi yaliyomo.

Wengi hukitumia kisa hiki kusifu kuhifadhi. Mimi nakisoma vingine. Hakuna anayeweza kuhifadhi kila kitu, wala jambazi hakumtaka akariri. Alimwonyesha kwamba karatasi zilikuwa zimesimama mahali alipopaswa kusimama yeye. Kujua jambo ni kuwa tayari kuulizwa juu yake, na kuumia ukionekana umesema uongo. Kwenye milima ya Burundi mshingantahe, mzee mwamuzi wa jadi, hakuaminiwa kwa ufasaha peke yake: majirani walijua mwenendo wake, aliapishwa hadharani, na akipotosha haki alikuwa na heshima ya kupoteza. Mashine ina ufasaha wote huo na haina cha kupoteza. Ikikosea leo, kesho inajibu kwa utulivu uleule.

Hata hivyo nisiionee. Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1964, kimefundisha kwa Kifaransa kwa miaka mingi, na mtoto wa Burundi huanza shule kwa lugha ya mama kabla Kifaransa hakijamfunika. Ni wangapi waliolielewa somo wakashindwa kulimimina kwenye lugha ya mtihani? Na ni wangapi walioonekana wana akili kwa sababu nyumbani kwao kilizungumzwa Kifaransa mezani? Leo kila mtu anapata Kifaransa kilichonyooka kwa dakika moja, hivyo Kifaransa kilichonyooka hakithibitishi tena kitu. Sioni cha kulilia hapo. Tena mashine haichoki kueleza mara ya nne, jambo ambalo mwalimu mwenye darasa lililofurika haliwezi hata akitaka.

Kinachobaki ni kusikilizana. Mwanafunzi aketi, aulizwe watu wake themanini walikwenda wapi, na akitaka ajibu kwa Kirundi au kwa Kiswahili cha Buyenzi. Wataniambia wanafunzi ni wengi na walimu ni wachache, na ni kweli. Kumsikiliza mtu mmoja nusu saa ni ghali kuliko kupima uzito wa kurasa. Lakini sidhani kama hesabu hiyo ndiyo itakayoleta upinzani mkubwa. Mazungumzo yana pande mbili, na mwanafunzi aliyezoea kuulizwa ataanza kuuliza. Yuko mwalimu anayesoma mbele ya darasa madaftari yaleyale kila mwaka, na fotokopi zake zinauzwa kibanda kilekile cha Jabe.