Nani Kapiga Mstari?

Chumba cha kusomea hapa kambini kina kompyuta chache, na zamu yangu ni Jumanne. Najifunza kuandika miti ya mantiki. Mti wenyewe ni hivi: madai yanakaa juu, chini yake mstari, chini ya mstari hitimisho. Namna hii ya kuandika ilienezwa na Mjerumani Gerhard Gentzen miaka ya 1930.

Kwenye kompyuta mti hauchorwi kwa mkono. Unaandika amri katika LaTeX, kwa kifurushi kiitwacho bussproofs. Amri ya AxiomC inaweka dai. BinaryInfC inachukua madai mawili ya mwisho, inapiga mstari na kuweka hitimisho chini. Ukiwa umetoa dai moja tu, inagoma. Hilo lilinifurahisha: kumbe kuna kitu duniani kinachokataa hukumu isiyo na sababu za kutosha!

Jumanne moja nikaandika dai la kwanza: mashababi walikaa Mbau. La pili: mtu huyu katoka Mbau. Chini nikaweka: mtu huyu ni shababi. Ukatoka mti safi, mstari umenyooka, herufi nzuri kuliko za cheti changu cha shule. Mashine ilihesabu madai, ikaona mawili, ikaridhika. Kama hitimisho linatokana nayo au la, hiyo si kazi yake.

Mti huo naujua. Tulipokimbia, kwenye kizuizi kimoja niliulizwa nimetoka wapi. Nikajibu, Mbau. Nikawekwa juani mpaka alasiri.

Na madai yote mawili ni kweli. Mashababi walikaa kwetu mpaka majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoingia, Agosti 2021. Na mimi kweli ni mtu wa huko. Kinachokosekana ni dai la tatu: kila aliyetoka Mbau ni shababi. Hilo halisemwi, maana likisemwa kwa sauti hata msemaji ataona haya. Liandike juu ya mstari, na hesabu itakubali; lakini sasa uongo uko wazi, kila mtu anausoma.

Mtu ataniambia: askari anaogopa, hana muda wa mantiki. Sawa, na kukagua ni haki yake. Lakini hata Gentzen aliruhusu dhana ya muda. Unaishika, unaona inakupeleka wapi, kisha unaifunga. Na jibu lako linabaki na neno “ikiwa”. Shaka ni dhana ya namna hiyo. Dhambi ni kulifuta lile “ikiwa”, ukaandika jina la mtu kwenye orodha.

Nilitaka niishie hapo, nikiwa mimi ndiye niliyeonewa. Ila kuna mama mmoja safu ya pili, mumewe alibaki nyuma. Tangu tufike nilikuwa simsalimu. Ndani ya kichwa changu mti ulikuwa umeshapangwa: wenzake walikimbia, yeye kabaki, kwa hiyo kajiunga nao. Hakuna askari aliyenilazimisha. Mstari niliupiga mwenyewe.

Nikaenda kuliandika dai langu la tatu: kila aliyebaki alitaka kubaki. Nikalitazama kwenye kioo. Mimi huyuhuyu najua watu walioshikwa njiani, najua wazee wasioweza kutembea. Niliyajua hayo siku zote, na bado mstari niliupiga.

Jioni nikamfuata bombani, nikamwambia, “Shikamoo mama.” Akaitikia, “Marahaba,” akajitwika ndoo. Sikumuuliza habari za mumewe. Hajafika mahali pa kuhojiwa na mimi. Sasa namsalimu kila siku. Anaitika, lakini bado hasimami.