Fungueni Mlango wa Bweni

Ndugu zangu mnaosomesha watoto, sikilizeni. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mwenye kujenga nyumba mpya ameamriwa aweke ukingo darini, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Ukingo ni kazi ya fundi, lakini damu haidaiwi kwa fundi. Inadaiwa kwa mwenye nyumba. Na shule hizi wanakolala watoto wetu, wenyewe ni sisi tunaolipa karo!

Mwaka 1998, wasichana 26 waliteketea bwenini katika shule ya Bombolulu, Kwale, nchini Kenya. Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika shule ya Kyanguli, Machakos. Bweni lile la Kyanguli lilikuwa na milango miwili, mmoja ukiwa na kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mtaniambia moto uliwashwa makusudi, kwa petroli. Naam, uliwashwa. Lakini aliyewasha moto siye aliyefunga mlango.

Wala hatuwezi kusema hatukujua. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: bweni liwe na mlango kila mwisho na wa dharura katikati, upana usipungue futi 5, milango ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda, mita 1.2. Miaka 16 ikapita. Septemba 2024 tukawalilia wavulana 21 wa shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, waliolala katika bweni moja na wenzao zaidi ya mia.

Basi siku ya kutembelea wanafunzi, msiishie kwenye nyasi na chapati na kuku, mkiulizia alama za hesabu. Ingieni bwenini. Yashikeni makufuli kwa mikono yenu. La mlango wa kila siku mtalikuta linang'aa kwa kushikwashikwa. La mlango wa dharura limeota kutu, na masanduku yamepangwa mbele yake hadi kiunoni. Ulizeni ufunguo anao nani, na usiku huyo mtu analala wapi. Akiwa analala ng'ambo ya uwanja, watoto wenu wamefungiwa ndani.

Najua jibu mtakalopewa: tunafunga kwa sababu ya wezi, tunafunga wasitoroke. Hilo ni jibu la kukwepa gharama ya mlinzi! Aajiriwe mlinzi wa usiku, tena wawili. Mtoto aliyetoroka hutafutwa akarudishwa kwa mama yake. Na bodi iliyopata pesa za basi jipya lenye jina la shule ubavuni haiwezi kusimama mbele za Mungu ikasema ilikosa za bawaba na mlango. Inueni sauti mkutanoni, hata kama mwalimu mkuu ni rafiki yenu, hata kama mwenyekiti ni mzee wa kanisa lenu!

Mkiambiwa ufunguo umepotea, msikubali kuahidiwa wiki ijayo. Usiku wa leo wanalala humo. Mwiteni fundi na msumeno wake, akate kufuli lile mbele yenu, na masanduku yaondolewe kabla hamjapanda gari. Kisha andikeni barua kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo, na kila mzazi aliyekuwepo atie saini.