Je, Sisi ni Wajukuu wa Masultani?

Siku hizi watu wengi wanatafuta habari za mababu zao. Mmoja anawauliza wazee, mwingine anaomba ruhusa ya kuangalia daftari za zamani za misioni. Mwingine, hasa akikaa Ulaya au Marekani, anatuma mate yake kwa wataalamu wa maabara ili wamwonyeshe ndugu asiowajua. Kazi hiyo ni njema. Wahenga walisema: Mwacha asili ni mtumwa. Tena amri ya nne ya Mungu yatuagiza kuwaheshimu baba na mama, nao walikuwa na baba na mama zao. Asiyejali hata jina la babu yake atamkumbukaje siku ya marehemu wote?

Lakini twaona jambo moja. Karibu kila mtu anayeanza kutafuta anatafuta sultani. Hatujasikia mtu akiwaita jirani kwa furaha na kusema: "Nimempata bibi yangu, alikuwa mtumwa aliyenunuliwa kwa nguo na shanga." Twasikia tu: "Sisi ni damu ya wafalme." Kwa nini iwe hivyo? Na kama ni kweli kwamba sisi ni damu ya wafalme, ukweli huo watudai nini? Hayo ndiyo tunayotaka kuyafikiri pamoja na wasomaji wetu.

Kwanza tuseme wazi kwamba furaha ya kupata babu mwenye jina si dhambi. Watu wa Kongo waliambiwa kwa muda mrefu kwamba wazee wao hawakuwa na ufalme wala historia. Huo ulikuwa uwongo. Walunda walikuwa na Mwant Yav wao, na kiti chake kipo hata leo. Kwa Waluba kulikuwa na watu wa chama cha Mbudye, walioshika kibao kiitwacho lukasa, chenye shanga na alama. Kwa kukipapasa kwa kidole walisimulia habari za wafalme tangu Kalala Ilunga. Huko magharibi, mfalme Afonso wa Kongo, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Mvemba a Nzinga, alikuwa mkristu, na mwanawe Henrique alichaguliwa kuwa askofu mwaka 1518. Mtoto wa nchi hii akijua hayo atainua kichwa, na ni haki yake.

Walakini anayetafuta lazima apende ukweli kuliko sifa. Si kila neno "tumetoka kwa mfalme" ni habari ya damu. Masultani wengi waliokaa mbali na mfalme wa Waluba walipokea kwake alama za utawala, kisha wakasimulia kwamba asili yao ni huko. Mara nyingine ilikuwa kweli. Mara nyingine walikuwa wanaeleza heshima waliyopewa, au mapatano waliyofanya. Wazee walielewana kwa maneno hayo. Ni sisi wajukuu tunaoyachukua kama cheti cha kuzaliwa. Basi ukisikia habari ya namna hiyo, uliza: Nani aliisimulia? Alikuwa akidai nini siku ile, shamba au kiti? Majirani wanasemaje? Andika maneno ya mzee pamoja na jina lake na mahali pake, halafu uyalinganishe na maneno ya mzee mwingine.

Uliza vile vile upande uliosahauliwa. Waluba huhesabu ukoo kwa upande wa baba. Watabwa wa Marungu waliuhesabu kwa upande wa mama, hata mjomba alikuwa na neno kubwa kuliko baba. Kila desturi imechagua njia moja, nayo yafaa kwa kujua nani atarithi na nani asimwoe nani. Lakini njia moja si msitu wote. Tufanye hesabu kidogo. Kila mtu ana wazazi 2, babu na bibi 4, na wazazi wa hao ni 8. Tukiendelea hivyo, katika kizazi cha 10 tutapata 1,024, na katika kizazi cha 20 tutapata 1,048,576. Tukiweka miaka 25 kwa kila kizazi, vizazi 20 ni miaka 500 tu, yaani zama zile zile za mfalme Afonso. Ni kweli kwamba katika hesabu hiyo mtu mmoja anarudi mara nyingi, kwa maana watu wa nchi moja walioana wao kwa wao. Hata hivyo, ni vigumu katika umati kama huo asiwepo mkubwa hata mmoja. Na ni vigumu vilevile wasiwepo mvuvi, mhunzi, mwizi na mtumwa.

Tena mkubwa na mtumwa hawakukaa mbali. Mfalme Afonso mwenyewe aliandika barua kwa mfalme wa Ureno mwaka 1526, akalalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata watu wa nchi yake, hata wana wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe. Mtu aliamka asubuhi akiwa mtoto wa mkubwa, na jioni alikuwa amefungwa kamba. Na kinyume chake kilitokea pia. Katika nchi zinazofuata ukoo wa mama, mwanamume aliyetaka watoto wake wabaki kwake aliweza kuoa mwanamke mtumwa, kwani mwanamke huyo hakuwa na kaka wa kuja kuwadai watoto. Hivyo nyumba nyingi zilizojivuna kwa ukubwa zilijengwa kwa matumbo ya wanawake walionunuliwa. Wanawake hao ni bibi zetu. Majina yao hayatajwi.

Twende sasa kando ya ziwa Tanganyika, huko Marungu. Zamani palikuwa na sultani mmoja mwenye nguvu, jina lake Lusinga. Bunduki zake alizipata kwa kuuza watu. Tarehe 4 Desemba 1884 askari waliotumwa na Mbelgiji Storms, aliyekaa Mpala, walimwua, wakamkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Mtu aliyewatendea wenzake kama bidhaa alitendewa naye kama kitu cha kuokotwa na kutazamwa. Mwaka uliofuata Mapadri Weupe walilipokea boma la Mpala. Waliwakomboa watoto wengi mikononi mwa wenye kuuza watu, wakawalea, wakawaoza, na vijiji vya wakristu vikaanza. Baadaye ikazaliwa misioni ya Baudouinville, katika pande za Moba ya leo. Huko ndiko Stefano Kaoze alikopewa upadri tarehe 21 Julai 1917, akawa padri wa kwanza Mkongo wa zama zetu.

Mtoto aliyetekwa akiwa mdogo sana aliweza kusahau jina la kijiji chake, hata jina la mama yake. Padri aliyembatiza aliweza kuandika jina la ubatizo, tarehe na msimamizi. Mahali pa wazazi hakuwa na la kuandika. Mjukuu anayetafuta ukoo wake aweza kufika hapo, akute nafasi tupu. Wengine huona aibu mbele ya nafasi hiyo, wakaijaza kwa jina la sultani. Sisi twasema: iacheni tupu, na mpige ishara ya msalaba. Hapo ndipo mtoto mmoja aliponyang'anywa kila kitu, na Mungu akampa jina upya.

Leo katika kanisa la pande hizo aweza kupiga magoti mjukuu wa sultani aliyeuza watu, na kando yake mjukuu wa mtoto aliyeuzwa. Wote wawili wanapokea Mwili mmoja wa Bwana. Pengine jamaa zao zimekwisha kuoana, na kuna kijana mwenye damu ya wote wawili. Kijana huyo atamchagua babu yupi na kumkana yupi?

Swali hilo si mchezo, maana mambo ya ukoo yanatoa machozi hata sasa. Hutokea hivi: mzee amekufa, matanga yamekwisha, jamaa wamekaa kugawana mashamba. Kwa miaka mingi hakuna aliyetaja habari za utumwa, kwa kuwa desturi yakataza. Ghafula mmoja akasirika na kumwambia mwenzake: "Wewe nyamaza, bibi yako alinunuliwa." Mtu aliyezaliwa hapo, aliyelima hapo, aliyewazika wazee hapo, anaambiwa kwa neno moja kwamba si mtu wa nyumba. Watoto wake wanasikia. Ndugu wanagawanyika, na Jumapili mmoja anatafuta misa ya saa nyingine ili asimwone mwenzake. Ukoo uliotafutwa kwa ajili ya heshima umekuwa fimbo.

Mtu atasema: "Lakini lazima tujue nani ni wa ukoo wa sultani, sivyo nani atakaa juu ya kiti?" Ni kweli. Desturi ina haki ya kujua mrithi wa kazi. Lakini tusichanganye kazi na thamani ya mtu. Kiti chaweza kuwa na mrithi mmoja, wala hakuna ubaya. Heshima ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu haina mrithi mmoja. Kila mtoto anazaliwa nayo nzima. Anayesema kwamba mwenzake ana nusu yake kwa sababu ya bibi aliyenunuliwa, anarudia kazi ya yule aliyemnunua.

Tuangalie sasa jinsi Mungu mwenyewe alivyoandika ukoo wa Mwana wake. Matayo mtakatifu anaanza Injili yake kwa orodha ya mababu, mara tatu vizazi kumi na vinne. Wafalme wamo: Daudi, Salomoni na wengine. Lakini yumo pia Manase, mfalme aliyemwaga damu ya watu wasio na kosa. Yumo Rahabu wa Yeriko, ambaye Maandiko yamwita kahaba. Yumo Ruta, mwanamke mgeni aliyeokota masazo shambani mwa watu. Yumo mke wa Uria, na jina la mume wake aliyeuawa limeachwa hapo ili kosa la Daudi lisisahauliwe. Mwisho wa orodha ya wafalme twamkuta Yozefu, seremala. Matayo angaliweza kuruka majina yale, hakuyaruka. Nao Wayahudi walipojivuna kuwa watoto wa Abrahamu, Yezu aliwajibu kwamba watoto wa Abrahamu hufanya kazi za Abrahamu.

Basi ikiwa umetafuta vema, ukaona kwamba kweli babu yako alikuwa sultani, shukuru, halafu ujiulize kazi ya sultani ilikuwa nini. Sultani mwema alimlisha mgeni, alimsikiliza mnyonge, alikata maneno bila kupokea rushwa. Hayo ndiyo urithi. Ngozi ya chui ni nguo tu. Na ikiwa babu huyo aliuza watu, hubebi dhambi yake, kwani nabii Ezekieli afundisha kwamba mwana hachukui uovu wa baba. Lakini unao wajibu: usidanganye juu yake, wala usimdharau mjukuu wa yule aliyeuzwa. Na ikiwa umekuta mtumwa, usimfiche. Mtaje katika sala jioni pamoja na watoto wako. Alivumilia, alizaa, alilea; bila yeye usingekuwapo.

Tumkumbuke Mtakatifu Josefina Bakhita. Alizaliwa Darfuri, katika nchi ya Sudani, karibu na mwaka 1869. Baba yake alikuwa ndugu ya mkubwa wa kijiji. Basi alikuwa mtoto wa nyumba ya wakubwa. Wateka watu walimchukua akiwa mdogo, na kwa hofu alisahau jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita ni jina la watekaji. Aliuzwa na kuuzwa tena, akapigwa, akachanjwa mwili. Alipofika Italia alipata uhuru, akabatizwa mwaka 1890, akawa mtawa, akafa mwaka 1947. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Hakuiona tena jamaa yake, wala hakulipata tena jina lake la kwanza. Hata hivyo, leo watu wa mataifa mengi wanamwita mama na kuomba msaada wake.

Wahenga waliosema kwamba mwacha asili ni mtumwa walisema pia: Uungwana ni vitendo. Methali hizo mbili hazigombani. Anayemkana bibi yake mtumwa ili abaki na babu sultani, ndiye aliyeacha asili. Anayewapokea wote wawili, akatenda haki kwa jirani yake, ndiye muungwana, hata kama daftari ya misioni haina jina la wazee wake.

Tuwatafute basi mababu zetu bila hofu. Tuandike majina yao kabla wazee hawajafa. Na jamaa wakikaa kugawana mashamba, neno lile la kununuliwa lisitoke kinywani mwa mkristu hata mmoja.