Mlinzi Asiye na Kinywa

Wajibu wa mlinzi hauna mashaka maadamu mwenye nyumba humthamini. Hulishwa, huheshimiwa, naye hukesha. Hapana la kustaajabisha katika hayo. Mashaka huanza siku mlinzi anapovunjiwa heshima. Je, aliyetolewa nje ya mlango bado anadaiwa ulinzi wa mlango ule ule? Swali hili ni la zamani, na aghalabu hujibiwa kwa haraka. Mimi nililazimika kulifikiri upya kwa sababu ya sinema fupi ya vikaragosi, ya aina ambayo watu wazima huwaachia watoto.

Sinema yenyewe ni The Wrong Trousers ya Nick Park, iliyotengenezwa na karakana ya Aardman ya mjini Bristol, Uingereza. Ilitolewa mwaka 1993, na mwaka 1994 ikapata tuzo ya Oscar ya sinema fupi za vikaragosi. Urefu wake ni kadiri ya dakika 30. Wahusika wake wamefinyangwa kwa udongo laini. Hugeuzwa kidogo, hupigwa picha, hugeuzwa tena, hata picha nyingi zikifuatana mtazamaji huwaona wakienda kama viumbe hai.

Wallace ni mtu mwema, mbunifu wa mitambo, tena mwepesi wa kupumbazika. Gromit ni mbwa wake, na kwa hakika ndiye mwangalizi wa nyumba. Siku ya kuzaliwa kwake alizawadiwa mkanda wa shingoni wenye kamba, pamoja na suruali ya mtambo iendayo yenyewe, ili imtembeze badala ya bwana wake. Fedha zilipopungua, Wallace akapangisha chumba. Mpangaji aliyekuja alikuwa ngwini, ndege wa nchi za barafu, mkimya, mwenye macho yasiyopepesa. Hakukitaka chumba alichoonyeshwa. Alikitwaa cha Gromit. Mbwa akahamia kibandani uani, muziki wa mgeni ukamnyima usingizi, na mwishowe akafunga mzigo wake akaenda zake.

Kumbe mgeni alikuwa mwizi. Aliigeuza suruali ile impeleke Wallace, naye yu usingizini, mpaka jumba la makumbusho kuiba almasi. Gromit, aliyekuwa akitafuta pa kukaa, aliona tangazo la mhalifu anayesakwa, akaanza kumwandama mgeni hatua kwa hatua. Akarudi katika nyumba iliyomsahau. Mwisho alimfukuza mwizi chumba hata chumba juu ya gari moshi la kuchezea, akitandika reli mbele yake huku gari likienda, hata ngwini akanaswa ndani ya chupa ya maziwa.

Mambo mawili katika kisa hiki yanafaa kupimwa. La kwanza ni kwamba Gromit hana kinywa. Mfinyanzi hakumchorea hata mstari wa midomo. Fikira zake zote zimo katika paji la uso na macho. Aliona hatari mapema kuliko bwana wake, lakini kuona kwake hakukuwa na ulimi. Mgeni naye hakusema neno, walakini alisadikiwa, kwa kuwa alileta kodi. Nyumba ile haikukosa mlinzi. Ilikosa mtu wa kumtazama mlinzi usoni.

La pili ni ile kamba. Gromit alipochoka kukokotwa na suruali, alimfunga mbwa wa bandia mahali pake, akaenda kucheza. Suruali ikaendelea na safari yake bila ya kujua tofauti. Hapo pana hekima kubwa: kamba hutosheka na mbwa wa bandia. Anayelinda kwa kuwa amefungwa anaweza kuacha kivuli chake kazini, na mwenye kamba asitambue. Lakini usiku ule Gromit aliporudi hakuwa na kamba wala chumba, wala hapakuwa na aliyemwita. Hapo ndipo ulinzi wake ulipokuwa wake mwenyewe.

Najua pingamizi itakayoletwa. Itasemwa kwamba kisa cha mbwa mvumilivu ni kisa kipendwacho na mabwana, na kwamba wanyonge wengi wamehubiriwa subira ili dhuluma ipate kulala usingizi. Pingamizi hii ni ya haki, nami siikatai. Lau Gromit angelibaki kibandani asiondoke kamwe, ningemhurumia bila ya kumsifu. Aliondoka, na kuondoka kwake kulikuwa halali. Hakudaiwa kurudi. Kwa hiyo kurudi kwake hakuwezi kuitwa malipo. Kulikuwa ni kipaji, na kipaji hakihesabiwi katika mshahara wala hakidaiwi mbele ya kadhi.

Nasema haya nikijishitaki. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja aliyelinda nyumba niliyokaa alinionya juu ya mtu niliyemzoea. Aliniambia, "Mwalimu, yule hutazama madirisha kuliko anavyokutazama wewe." Nilicheka. Mgeni yule alikuwa na maneno matamu, na mzee alikuwa na maneno machache. Vitu vilipoibwa, mzee hakunikumbusha onyo lake hata mara moja. Asubuhi nilimkuta akitengeneza komeo lililovunjwa, nikakosa pa kuyaweka macho yangu.

Tangu hapo nimeona kwamba swali langu la kwanza lilielekezwa kwa asiyehusika. Tumezoea kumwuliza mlinzi kama ni mwaminifu. Ni nadra kumwuliza mwenye nyumba kama ni msikivu. Uaminifu ni mali ya mlinzi, huutoa apendapo. Usikivu ni deni la mwenye nyumba, na deni hilo halingoji mwizi aingie ndipo lilipwe.