Mkuu Akikosea

Beshte wangu anasomea PhD ya bayolojia ya seli. Juzi tukiwa kibandani, chapati madondo mezani, akanieleza shida yake: majaribio yake yanapinga jambo ambalo msimamizi wake amelifundisha kwa miaka. Amerudia mara nne, na jibu ni lile lile. Mzee amemwambia arudie tena "mpaka itoke vizuri."

"Sasa wewe ungefanyaje?"

Tumelelewa na methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mkuu huyu ndiye atakayetia sahihi tasnifu yake na kumwandikia barua ya kutafutia kazi.

Yeye mwenyewe akanitajia John Gurdon. Miaka ya 1950, mabingwa wa kuhamisha viini vya seli za vyura walikuwa Wamarekani wawili, Robert Briggs na Thomas King. Kila walipochukua kiini kutoka kwa kiinitete kilichokomaa zaidi, mambo yaliharibika mara nyingi zaidi. Wengi wakaamini kwamba seli ikishapata kazi yake hairudi nyuma. Gurdon, aliyesomea udaktari wake Oxford, akaona tofauti. Mwaka 1962 alichapisha matokeo: kati ya viini 726 vilivyotoka utumboni mwa viluwiluwi, 10 vilizaa viluwiluwi wazima. Kumi tu! Ilichukua miaka watu kumwamini. Nobel ilikuja 2012.

Kilichonigusa ni jinsi alivyojilinda. Alitumia viini vyenye alama ya kurithi inayoonekana kwa hadubini, ili mtu asije kusema chura ametokana na kiini cha yai lenyewe. Alijishuku kabla hajashukiwa.

Nadhani jibu liko hapo. Msimamizi ana haki ya kusema "rudia": pengine seli zimechafuka, pengine mkono ulitetemeka. Kurudia ili ujue ukweli ni heshima. Kurudia mpaka mzee afurahi ni kumbembeleza tu, na dawa ikija kutengenezwa juu ya matokeo hayo, atakayevunjika guu ni mgonjwa ambaye hata hatumjui.

Nikamwambia: rudia mara ya tano. Mwombe mwenzako naye ajaribu, bila kumwambia unatarajia nini. Jibu likibaki lile lile, mpelekee mzee kwanza, mkiwa wawili. Kisha liandike.

Akacheka. "Rahisi kusema. Wewe huna wa kukutilia sahihi."

Ni kweli. Nikalipa chapati.