Ujira wa Mwigizaji Mwanafunzi

Katika mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku, kijana anayekwenda kung'oa mbelewele kwenye mahindi ya mbegu huuliza kabla ya kuingia shambani atalipwa kiasi gani. Hakuna anayemwambia kwamba anajifunza kilimo, kwa hiyo ashukuru. Kijana huyohuyo akiwa mwanafunzi wa sanaa za maonyesho, akaitwa kusaidia kutunga tamthilia mpya kwa majuma sita, huambiwa kuwa mafunzo yenyewe ndiyo malipo. Je, jibu hilo ni la haki?

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mwanafunzi anayejifunza nafasi ya Kinjeketile katika tamthilia ya Ebrahim Hussein hupokea zaidi kuliko anavyotoa. Maneno yapo kitabuni tangu 1969, na yeye anajinoa kwayo. Hapo sioni sababu ya kudai ujira. Tamthilia inayotungwa mazoezini ni jambo jingine kabisa. Mwandishi huja na kurasa chache, waigizaji wakabuni mazungumzo papo kwa papo, na kesho yake anarudi na kurasa mpya ambazo sehemu yake kubwa ilitoka vinywani mwao. Huyu si mwanafunzi tu tena. Ni mtunzi asiyetajwa.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, mwaka 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika Ngaahika Ndeenda, lakini wanakijiji waliohudhuria mazoezi ya wazi waliisahihisha: mzee hasemi hivi, wimbo huu hauimbwi hivi, kiwandani mambo hayaendi hivyo. Ngũgĩ mwenyewe ameeleza jambo hilo katika maandishi yake. Wanakijiji walijenga hata jukwaa kwa mikono yao. Serikali iliizuia tamthilia hiyo mwaka uleule, na kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ alikuwa kizuizini. Kitabu kilipotoka, jaladani palikuwa na majina mawili. Siwalaumu waandishi hao, kwani walilipa gharama ambayo wengi wetu tusingeithubutu. Nasema tu kwamba hata katika kazi iliyofanywa kwa nia njema kiasi hicho, jasho la wengi huishia katika majina ya wachache.

Hapa Uganda tuna Robert Serumaga na kundi lake la Abafumi, katika miaka ya 1970. Renga Moi ilitegemea mwili, ngoma na sauti kuliko mazungumzo. Katika kazi ya namna hiyo utasema nani ndiye mwandishi? Mwili wa mwigizaji ndio ukurasa wenyewe, na mwigizaji akiondoka, ukurasa umeondoka naye.

Wapo watakaonijibu kwamba fedha huharibu sanaa, na hoja yao ina uzito kwetu Kasese kuliko kwingineko. Tangu Ebola ilipovuka mpaka karibu na Bwera mwezi Juni 2019, na hata kabla ya hapo, michezo mingi inayolipa wilayani ni ile ya kunawa mikono, chanjo na vyoo. Mwanafunzi hupewa posho na nauli, na sentensi ya mwisho ya mchezo huwa imeshaamuliwa ofisini. Michezo hiyo ina faida yake, maana huenda imeokoa maisha. Lakini aliyelipwa ili aseme jambo moja hana nafasi ya kugundua jambo la pili. Kwa hiyo mtu anaweza kusema: afadhali tuigize bure tukiwa huru.

Uhuru wa nani, lakini? Anayeweza kufanya mazoezi bure majuma sita ni yule ambaye nyumbani kwao wanaweza kumlisha. Mwenzake wa Bwera, anayehitaji nauli ya kwenda na kurudi na ambaye siku za soko la Mpondwe humsaidia mamake kubeba mizigo, atakosa siku ya pili, na siku ya tatu nafasi yake itapewa mwingine. Tamthilia itazaliwa bila sauti yake, kisha tutashangaa kwa nini michezo yetu inazungumza kana kwamba Uganda yote ni Kampala. Kumlipa ni kumfungulia mlango, si kumnunua.

Ubaya wa posho ya wafadhili, nijuavyo mimi, hautokani na fedha bali na kile kinachonunuliwa. Pale hununuliwa hitimisho. Haki ni kununua muda: siku kadhaa, saa kadhaa, kwa kiasi kilichoandikwa kabla ya zoezi la kwanza, na jina la kila mwigizaji liwe kwenye mswada. (Wahadhiri wangu wanisamehe, lakini yule ambaye tamthilia yake inatungwa asiwe ndiye anayetoa alama. Mwanafunzi asiyeweza kukataa hajakubali.) Naam, hapo ndipo ujira unapokuwa suala la utu. Anayelipwa anaweza kusema hapana na kuondoka. Anayefanyiwa hisani huona haya.

Kuna sehemu moja ambayo hoja yangu mwenyewe hainitoshi. Mto Nyamwamba ulifurika mwaka 2013, ukafurika tena 2020, na watu wa Kilembe walipoteza nyumba na ndugu. Tuseme mwanafunzi wa huko anaambiwa mazoezini, "Tuonyeshe usiku ule," naye anaonyesha, na chumba kizima kinanyamaza, na onyesho hilo linakuwa moyo wa tamthilia. Saa zake nne zinajulikana bei. Usiku ule hauna bei, na kumpa nyongeza kwa ajili yake kungekuwa tusi. Kutompa chochote nako ni wizi. Ninachoweza kutetea ni kwamba abaki na haki ya kuliondoa onyesho hilo wakati wowote, hata tiketi zikiwa zimeshauzwa, hata mwandishi akilia. Wenzangu wa darasani wanasema hakuna mtayarishaji atakayetia sahihi mkataba wa namna hiyo.