Mwili Ukipungua, Moyo Usiachwe

Hapa Sitalike, kando ya mto Katuma, wengi huuona unene kuwa neema na wembamba kuwa ugonjwa. Basi aliyeagizwa na daktari kupunguza uzito kwa ajili ya shinikizo la damu hubeba mizigo miwili: njaa, na maneno ya watu. "Mbona umekonda, ndugu? Waumwa nini?" Hujitenga, hukosa usingizi, akajiona mnyonge wa nia.

Je, huzuni hiyo ni kosa lake? Sivyo. Mwaka 1944 hadi 1945, huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi sita. Wengi wakaingiwa na huzuni na hasira. Hawakuwa walegevu, mwili uliokosa chakula uliuinamisha moyo.

Kwa hiyo kujitesa kwa njaa si nidhamu. Na apungue polepole, ale maharage, mboga na ugali wa kiasi, wala asiikimbie sahani ya jamaa. Nasi majirani yatupasa kuzuia ulimi: tumwulize hali yake, tusihesabu mifupa yake. Huzuni ikizidi majuma mawili, tumsindikize hospitali, haya isimzuie.